Injini Iliyokataa Kuzimika

Nimesumbuliwa vya kutosha. Mara wifi, mara wapwa, mara jirani aliyekuja kuazima ungo: bibi, andika habari za Bwana Vumbi, wewe ndiye unayezijua. Kwani nyinyi mliosoma mikono imekufa ganzi? Mimi shule niliionea dirishani, kalamu naishika kama mwiko, na miwani yangu mjukuu kaikalia. Lakini nikiwaachia nyinyi mtaandika kwamba alikuwa shujaa, hakutetereka. Uongo. Ndugu yangu aliogopa mpaka viatu vikamtoka miguuni. Basi naandika mwenyewe, na mimi dada yake mkubwa nitaingia humu pale tu nitakaposhindwa kukaa nje.

Bwana Vumbi si jina alilopewa na baba yetu. Alipewa na wateja wa mashine ya kusaga, kwa sababu kila jioni alitoka pale mweupe utosini hadi kisiginoni, kope nazo nyeupe, na watoto wadogo walimkimbia wakidhani maiti kafufuka. Mashine yenyewe ilikuwa katika nyumba ya mabati nyuma ya soko. Chumba cha mbele kilikuwa na kinu, mizani na benchi la wanaongoja. Chumba cha nyuma kilikuwa cha injini ya dizeli, na katikati ukuta wenye tundu la kupitisha mkanda. Ukikaa benchi lile, meno yalitetemeka kinywani hata kama huna la kusema.

Alipoanza kazi mashine haikuwa yake. Ilikuwa ya fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache na matusi mengi, aliyeitwa Mzee Spana. Bwana Vumbi alikuwa ndiyo kwanza ameoa, anataka kusifiwa. Asubuhi moja akajaza oili kwenye injini mpaka ikapita alama, akidhani wingi ni wema, naye hakujua kwamba injini ile imechakaa ndani na haizuii tena oili isipande juu mahali pa moto. Akaiwasha. Kwa muda mfupi ilinguruma kama kawaida, kisha sauti ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda tena. Akafunga bomba la dizeli, maana ndivyo injini inavyozimwa. Haikuzimika. Ikazidi kulia, mkanda ukawa hauonekani kwa kasi, moshi wa buluu ukajaa chumba, ukuta ukatikisika. Ilikuwa haihitaji tena dizeli ya mtu. Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe.

Bwana Vumbi alikimbia. Aliwapita akina mama na mabeseni yao, ndara moja ikabaki mlangoni, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Kutoka huko alimwona Mzee Spana akichovya gunia kwenye pipa la maji, akilikunja mara mbili, akiingia katika moshi ule taratibu kama anayekwenda kumfunika mtoto. Alilibana gunia kwenye mdomo wa hewa wa injini. Injini ikakohoa, ikajikunja, ikafa.

Mzee alipotoka nje hakutukana, na hilo ndilo lililomwuma zaidi. Alisema tu, "Injini iliyoanza kujinywa haiombwi isimame. Inanyimwa pumzi."

Tangu siku ile Bwana Vumbi alikuwa na hofu moja maishani: sauti inayopanda. Hata nyumbani, birika likianza kuimba jikoni, alinyanyuka kwenda kuliondoa. Mkewe alimtania kwamba siku mke akipandisha sauti ndipo tutajua mume atafika nchi gani. Lakini kazi aliipenda. Mzee Spana alipofariki kwa uzee, mashine akamwachia yeye, na yeye akamtunza mjane mpaka mwisho.

Sasa mjue alivyofanya kazi, maana ndipo kisa kilipo. Mteja akija na nafaka, Bwana Vumbi hakusaga mpaka ameionja. Alichota punje chache kiganjani, akapuliza maganda, akazitupa mdomoni na kuzitafuna. Punje ikilia chini ya jino, imekauka, haya weka kwenye mizani. Ikijipinda chini ya jino, bado mbichi, itaziba chujio la kinu, rudi nayo ukaianike. Hakuna mteja aliyeshindana naye. Alikuwa na gego moja la upande wa kulia alilokuwa akilipiga kwa ukucha na kusema kwamba watu wote wa soko hili wamewahi kumdanganya ila gego hili.

Na nafaka yenye ukungu je? Hiyo ndiyo aliyoitafuna kwa makini zaidi. Mahindi yenye vumbi la kijani pale kwenye kiini, karanga zilizosinyaa na kuwa chungu, alizitafuna ajue uharibifu umefika wapi, nusu akatema, nusu ikashuka. Kisha akamwambia mwenye nayo akaioshe, aianike jua kali, airudishe. Ilirudishwa inang'aa, akaitafuna tena, akaisaga. Sote tuliona sawa. Ukungu umeoshwa, jua limepiga, na kilichobaki kitakutana na moto wa jiko. Sote tuliamini moto ni mwisho wa ubishi.

Mvi zilikuwa zimeshamjaa, wala si za unga, pale alipoanza kuhisi kitu chini ya mbavu za kulia. Halikuwa jambo la maumivu. Ulikuwa uzito, kama mtu aliyelalia jiwe, akaamka, na jiwe likaamka naye. Akasema ni gesi. Suruali ikaanza kumvuka kiunoni huku tumbo likitangulia mbele, akasema ni uzee. Chakula kikamchukiza, akasema mkewe kapunguza chumvi, mke akaongeza chumvi, akasema sasa imezidi.

Mkewe ndiye aliyeona macho. Alianza kwa mzaha, akamwuliza kama siku hizi anasaga manjano. Bwana Vumbi akaenda kwenye kipande cha kioo kilichobandikwa juu ya ndoo. Akanawa uso. Unga ukatoka, kope zikawa nyeusi, lakini weupe wa macho ulibaki wa njano. Akanawa tena. Alisimama pale na maji yakimdondoka kidevuni, akamkumbuka mteja mmoja, muuza karanga, aliyeanza hivyo hivyo na hakumaliza msimu.

Hakumwambia mtu. Alikuwa akingoja injini ingurume vizuri, ajifiche chumba cha nyuma, abonyeze chini ya mbavu kwa vidole viwili, apime kama limekua. Kelele zilimsitiri asisikike akihema. Na kila alipobonyeza alilikuta limesogea mbele kidogo ya pale alipoliacha. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaisikia, ile sauti, ikipanda ndani yake, na safari hii hapakuwa na barabara ya kuvuka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mkewe alikuja kwangu akalia. Sikulia naye, nilivaa. Nikaenda nikakaa kwenye benchi la wateja bila beseni wala gunia, mpaka ndugu yangu alipoona aibu akafunga mashine. Tukampeleka hospitali, mkewe upande mmoja, mimi upande wa pili, kama mwizi wa kuku.

Mpiga picha wa tumbo alikuwa mtu wa maneno. Alimpaka tumboni mgando wa baridi wa kutelezesha kifaa chake, huku akisimulia mpira wa juzi, jinsi mshambuliaji alivyompita beki, akampita na wa pili, akabaki na kipa. Hapo akanyamaza. Kile kifaa kilikuwa kimesimama chini ya mbavu za kulia. Bwana Vumbi alingoja asikie kama bao liliingia, na hakuambiwa. Ukimya ule, anasema, ulimwogopesha kuliko lolote alilokuja kuambiwa kwa mdomo.

Wakatoa damu, wakampitisha kwenye mashine nyingine kubwa ya picha, ndipo tukaitwa kwa daktari. Alikuwa binti mwenye sauti ndogo na viatu vya chini. Hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kiti akakaa mbele ya magoti ya ndugu yangu. Alisema ni saratani ya ini, uvimbe mmoja wa ukubwa wa limau, na kwamba damu imeonyesha homa ya ini aina ya B, ambayo huenda alizaliwa nayo au aliipata utotoni. Bwana Vumbi akasema hajawahi kuugua homa hiyo. Daktari akamwambia wengi hawaijui, hukaa ndani ya ini kama mpangaji asiyegonga mlango.

Mkewe aliuliza kama kuna dawa. Bwana Vumbi hakuuliza hilo. Aliuliza mbona jiwe hilo linakua, nani analilisha.

Daktari akamwuliza yeye anafanya kazi gani, na alipoambiwa akauliza kama kwenye mashine huwa wanaletewa nafaka yenye ukungu. Ndugu yangu akanyanyua kichwa. Akaeleza habari za punje na gego, mwanzo kwa fahari kidogo, kisha polepole, kisha akashindwa kumaliza.

"Umezitafuna kwa muda gani, baba?"

"Tangu nipate kazi, mwanangu."

Yule binti hakumlaumu. Alieleza kwa lugha ya kawaida, nami naiandika nilivyoielewa. Ukungu ule una sumu, wanaiita sumukuvu. Haiogopi maji, haiogopi jua, na moto wa jiko hauimalizi. Ikiingia mwilini, ini hufanya kazi yake ya kuvunja sumu, ila hii ikivunjwa hutoa kibanzi kikali kuliko yenyewe. Kibanzi hicho huenda kuchoma ndani kabisa ya chembe hai za ini, ambazo kila moja imebeba maandishi yanayoiambia lini ijigawe, lini iache, na kama imeharibika, ijiue kwa faida ya wengine. Kibanzi huharibu pale pale palipoandikwa acha. Huyo mpangaji naye hachezi mbali. Hubandika vipande vya maandishi yake katikati ya maandishi ya chembe, na huliumiza ini kila siku, nalo hujijenga upya kila siku, na kila ujenzi ni nafasi nyingine ya kukosea. Kimoja peke yake kibaya. Viwili vikikutana, ubaya hauongezeki, unazidishwa. Mwishowe inatokea chembe moja ambayo breki imekatika na kanyagio la mafuta limekwama chini. Inajigawa, na watoto wake wanajigawa. Wakishakuwa wengi wanakosa pumzi katikati, basi wanatoa ishara, wanaita mishipa mipya ya damu, na mwili, bila kujua unadanganywa, unawatengenezea.

"Linajinywa," alisema Bwana Vumbi.

Akamsimulia injini ya Mzee Spana. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akasema mfano unakaribia lakini unadanganya mahali pamoja: injini hubaki ilipofungwa, na hili likiachwa huweza kurusha mbegu mapafuni na mifupani. Kwa hiyo hakuna muda wa kubembelezana. Kulikata haiwezekani, ini lililobaki limejaa makovu na halitastahimili kisu. Kinachowezekana ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, kuupandisha mpaka mlangoni mwa mshipa unaolilisha, kumwaga dawa pale pale, na kuuziba.

Ndugu yangu akauliza, ukiziba bomba la ini, ini lenyewe si litakufa nalo?

"Ini lina mabomba mawili, baba. Lenyewe hunywa zaidi lile kubwa linalotoka matumboni. Uvimbe hunywa hili dogo la moyoni. Nitaziba hili dogo, tena tawi lake moja. Sikuahidi kulimaliza. Nakuahidi kulinyima."

Akakubali. Akatia dole gumba. Siku ikapangwa.

Siku yenyewe ilipofika wakamvisha lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, wakamlaza kitanda cha magurudumu kwenye korido, wakamwambia angoje. Mkewe alikuwa nje ameshika viatu vyake kwenye mfuko. Nyuma ya mlango wa chumba kile kulikuwa na mashine fulani, sijui ya nini, iliyoanza kunguruma chini, kisha ikapanda sauti. Ikapanda tena. Bwana Vumbi akashuka kitandani. Akachukua koti la mtu kwenye msumari, akapitia mlango wa jikoni, miguu mitupu, mbio.

Waliponiletea habari, nilijua aliko. Nilimkuta chumba cha nyuma, kwenye injini. Alikuwa amejaribu kuiwasha kwa mkono, ile hendeli aliyoizungusha maisha yake yote kwa mkono mmoja huku akipiga soga, na hakuweza kuigeuza hata nusu. Alikuwa amekaa sakafuni na hendeli mapajani. Koti la watu limejaa oili. Uso mkavu, wa njano, bila unga, sikuwa nimeuzoea.

"Dada," alisema, "naogopa."

Tangu tuzaliwe hajawahi kuniambia neno lile. Alisema anaogopa mrija kutembea ndani yake. Anaogopa asiamke, na akiamka anaogopa kukuta bado lipo. Anaogopa kwamba alijilisha mwenyewe, punje kwa punje, mbele za watu, huku akisifiwa.

Mimi si mtu wa kubembeleza, na magoti yangu hayapendi sakafu, lakini niliketi. "Ogopa," nilimwambia. "Nani kakukataza? Ogopa ukiwa unakwenda, usiogope ukiwa unarudi. Siku ile ulikimbia na injini ikazimwa, kwa sababu alikuwapo wa kuingia na gunia. Leo Mzee Spana ni yule binti. Gunia kalilowesha, amelikunja, amesimama mlangoni. Sasa wewe umekimbia na injini yenyewe tumboni. Ataiziba wapi?"

Alitazama mdomo wa hewa wa injini. Kisha akanyoosha mkono nimwinue, na sijui nani alimwinua nani.

"Na ufunge gauni hilo nyuma," nikamwambia. "Soko zima limeshaona kilichobaki."

Alicheka, na kucheka kukamwuma ubavuni.

Muuguzi alimpokea kwa maneno yanayokata maini, na mwenye koti naye alikuwa na yake. Lakini yule binti daktari alisema tu, karibu baba, nilikuwa nakungoja. Ndugu yangu alikuwa macho muda wote wa kazi. Aliuona mrija kwenye kioo cha picha, mwembamba kama uzi, ukipanda, ukikata kona, ukisita kwenye matawi. Walipofika walimwonyesha: uvimbe ulijaa mishipa kama kichaka cha mizizi. Alishika mkono wa muuguzi yule yule aliyemtukana, akaubana hata muuguzi akaja kulalamika vidole. Joto likamwingia tumboni, kisha maumivu, na pale kwenye kioo, kichaka kikaanza kufifia, tawi moja, tawi jingine, mpaka pakabaki kiza.

Aliugua sana baada ya hapo, homa na kutapika, tukadhani tumemwua kwa mikono yetu. Akainuka. Picha iliyofuata ilionyesha katikati ya uvimbe pamekufa. Ukingoni pamebaki ukanda mwembamba ulio hai, na daktari hakuuficha. Wamemziba mara ya pili. Dawa ya kumtuliza mpangaji anaimeza kila siku. Watoto wake wote wakapimwa. Wadogo hawana, wakachanjwa, lakini binti yake wa kwanza anaye, yuko chini ya uangalizi, na hiyo ni hofu nyingine ambayo baba yake analala nayo.

Mashine inafanya kazi. Hatafuni tena. Ana chupa kavu ya kioo na chumvi kavu. Anatia punje, anatia chumvi, anatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado mbichi. Ikianguka chini, imekauka. Wateja walimcheka, wakamwuliza kama siku hizi anasaga au anaunga mchuzi. Na mwenye ukungu hamwambii tena akaoshe. Anamfungia mlango. Mama mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba tangu augue amekuwa na roho mbaya, anawanyima watoto wake chakula. Bwana Vumbi akafungua shati, akamwonyesha mbavu zilivyo, akafunga vifungo, akamwita wa nyuma yake.

Kila akienda kupigwa picha, haongei njiani. Akilala pale na mgando wa baridi tumboni, anamsikiliza mpiga picha. Anapenda amsikie akisimulia mpira bila kusita. Juzi alisimulia mpaka bao likaingia. Lakini kuna picha ijayo, na ndugu yangu ameshaanza kuhesabu siku.

Basi nimeandika, na mkono unaniuma. Sasa inuka wewe. Fungua gunia lako la nafaka, litazame chini kabisa, siyo juu. Yenye vumbi la kijani usiioshe, usiikaange, usiwape kuku, usimpe maskini ukajidai mkarimu. Itupe. Kisha nenda ukapimwe damu, ijulikane kama una homa hiyo ya ini, wewe na wanao, na majibu uniletee hapa hapa mlangoni. Ukija bila majibu, kiti sikupi.